Maji ya Kijani

Asubuhi ile Lila aliamka na furaha ya mtu aliyetenda wema kimyakimya. Leo mumewe, Avtar, angewasha gari, watoke Harrow, London, wapande milima ya Wales yenye theluji hadi kambi ya waliofukuzwa Uganda, wamchukue mama yake. Asipochukuliwa na jamaa kabla ya usiku kuingia, kesho angepandishwa basi pamoja na wengine kupelekwa Scotland, mbali na kila mtu anayemjua.

Tena mama mwenyewe hakuwa ameahidi kukubali kuja kuishi nao. Tangu Lila, binti wa Kigujarati, aolewe na Kalasinga kule Kampala, bibi yule hakuwahi kumtaja Avtar kwa jina. "Huyo Mpunjabi wako," ndivyo alivyosema. Mtu na mkewe walisemezana kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha iliyowakutanisha.

Basi Avtar alilitengeneza lile gari kuukuu kama anayempamba bibi harusi. Akiba yao yote iliishia hapo. Alinunua minyororo ya kufunga kwenye matairi, akajizoeza kuifunga mpaka vidole vikafa ganzi. Akatia gunia la mchanga nyuma ili gari lisiteleze, na koleo la kufukulia theluji. Bi Mwanamwema, Mzanzibari mwenye nyumba, alimchungulia dirishani akacheka.

"Bwana Avtar, unakwenda kumchukua mkweo au unakwenda vitani?"

"Mkwe, bibi. Afadhali ingekuwa vita."

Jana alasiri, Avtar akiwa kazini kiwandani, Lila aliona naye asikae bure. Marehemu baba yake alikuwa dereva wa lori la Kampala hadi Mombasa, na kabla ya kila safari alimwaga maji ya rejeta akatia mapya. "Maji machafu huua injini," alikuwa akisema. Lila alifungua kifuniko, akashtuka. Maji yalikuwa ya kijani, kama ya dimbwi la vyura! Akafungua bomba la chini, akayatoa yote, akajaza maji safi ya jikoni. Hakumwambia mtu. Kujisifu kulimshinda tangu utotoni.

Usiku baridi ikakaza.

Sasa Avtar alizungusha ufunguo. Gari likatoa mlio mmoja, kama mfupa unaovunjika, likanyamaza. Akashuka, akafunua boneti. Barafu ilikuwa imening'inia chini ya injini, na ubavuni mwa chuma palikuwa na ufa mrefu unaopitisha ukucha.

"Haiwezekani," akasema. "Nilitia dawa! Kwa mkono wangu mwenyewe!"

"Dawa gani tena?" akauliza Bi Mwanamwema, aliyetoka na shali lake begani.

"Ya kuzuia maji yasigande, bibi. Ile ya kijani."

Lila akakumbuka lile dimbwi la vyura. Akashika ukuta.

"Yule muuzaji wa dawa kanipa maji ya rangi," Avtar akafoka, akanyakua spana. "Leo atanitambua!"

Alikwisha fika langoni Lila alipofumbua kinywa.

"Avtar! Ni mimi. Niliyamwaga. Nilidhani ni uchafu."

Spana ikamponyoka.

"Salaale!" Bi Mwanamwema akajishika mdomo.

Avtar alimtazama mkewe kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Ukatia nini?"

"Maji safi."

"Safi," akarudia polepole. Kisha akavua koti lake zito, akamvika, akamfunga vifungo kimoja kimoja. "Kuna treni. Pesa za petroli zinatosha nauli ya mmoja kwenda, wawili kurudi. Nikienda mimi, mama hatakuja. Nenda wewe."

"Mimi?" Lila hakuwahi kununua hata nyanya peke yake London.

"Kwani injini ilipasuliwa na nani? Twende nikupeleke stesheni."

Jua lilikuwa linazama Lila alipofika kambini, theluji ikimfika vifundoni. Mama alikuwa amekaa juu ya sanduku lake la bati, ameukazia mlango macho. Alitazama nyuma ya binti yake, hakuona mtu.

"Amekuacha uje peke yako, huyo Mpunjabi wako?"

"Gari limekufa, Ba," akasema Lila, akimwita mama kwa Kigujarati. "Nimeliua mimi." Akamweleza yote, ya dimbwi la vyura na ya ufa.

Mama akapigwa na butwaa. "Akiba yenu yote?"

"Yote."

"Na yeye? Alikupiga wapi? Nionyeshe."

"Hakunipiga."

"Alikutukana?"

"Alinivika koti lake, Ba."

Mama akaushika ukosi wa koti lile la kiume, akaugeuza, akakipapasa kitambaa kwa ndani. Nje basi la kesho lilikuwa limeegeshwa, limefunikwa na theluji. Akainuka.

"Shika upande huo wa sanduku," akasema. "Na njiani unifundishe jina lake linavyotamkwa."