Jeki Hailii Hivyo

Tik. Kifuniko cha kopo la sukari.

Nilikuwa macho gizani, binti yangu Nukta kanilalia mkono hadi umekufa ganzi, nikautambua mlio ule palepale. Hakuna aliyetaka sukari alfajiri ile. Ndani ya kopo, chini kabisa, nilikuwa nimeufukia ufunguo wa banda la gari, na sasa mume wangu alikuwa ameufukua.

"Baba Nukta," nikamwita. "Urudishe."

"Lala, mama."

"Usiniambie lala. Nilikwambia jana, gari lile halikai juu ya jeki."

"Na mzee kasema ni jeki inayolia. Yeye ana miaka arobaini kwenye spana, wewe una miezi mitano ya darasa la jioni. Nimsikilize nani?"

Akaufunga mlango taratibu, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonichoma zaidi.

Gari lenyewe ni la baba mkwe wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Klachi. Ni gari la mashindano la zamani, jekundu, la viti viwili, lisilo na paa. Limelala chini ya turubai miaka kumi na moja, na sasa mzee ameapa kumpeleka nalo binti yake wa mwisho harusini Jumamosi. Kabla ya hapo bomba la moshi lazima lifungwe upya, na kulifunga lazima mtu aingie chini. Magoti ya mzee yamemgomea. Basi anaingia mwanawe, yaani mume wangu, baba wa mtoto wangu, mtu ambaye kazi yake ni kushona mapazia.

Jana jioni walilinyanyua mara ya kwanza. Jeki ikasema kwii, kwii, kila mpini uliposhuka. Hiyo sawa, jeki hulia hivyo. Lakini gurudumu la mbele lilipoachana na sakafu nikasikia mlio wa pili chini ya ule wa kwanza: krr, krr, kama mtu anayetafuna mkate mkavu huku kafunga mdomo.

"Mzee, hiyo si jeki," nikasema.

Akacheka, akaitia jeki mafuta. Kwii ikaisha, krr ikabaki. "Unaona?" akasema kwa fahari. "Imenyamaza." Nikajua ananidharau.

Darasani mwalimu wetu analo neno analolirudia mpaka tunamtania: jeki ni ya kunyanyulia, stendi ndiyo ya kusimamishia. Nilipomuuliza mzee stendi ziko wapi, alijigonga sikio kwa kidole. "Stendi yangu hii hapa, mkwe. Mmoja anaingia, mmoja anasikiliza. Gari likitaka kuanguka linasema kwanza. Ndivyo tulivyofanya kazi, na sijawahi kubana mtu."

Nikambeba Nukta na usingizi wake, nikavuka ua.

Taa ya bandani ilikuwa inawaka na gari lilikuwa juu tayari. Miguu ya mume wangu imetokeza kwenye kipande cha boksi, soksi moja imetoboka kisiginoni. Mzee kakaa kwenye kigoda, mkono kwenye mpini wa jeki, macho kafumba, katulia kama anasikiliza taarifa ya habari.

Hasira ilinipanda mpaka nikaisikia ladha yake mdomoni. Nikamketisha Nukta mlangoni. "Usitoke hapo."

Nikamgeukia mume wangu. "Toka chini."

"Nati mbili tu zimebaki."

"Hizo nati mbili ndizo zitakazomlea mtoto? Toka!"

Kivuli changu kilimpita mzee usoni, akafumbua macho. "Mkwe! Umekuja kutupa mtihani?"

Niliinama nikaangalia nafasi iliyopo kati ya mlango na bodi. Jana, magurudumu yote yakiwa chini, kidole changu kidogo kilipita pale toka juu mpaka chini. Sasa huku juu hata ukucha haukupita. Gari lilikuwa linajikunja katikati. Gari lisilo na paa nguvu zake ziko kwenye kingo mbili za chini ya milango, na jeki ilikuwa imeegemea mmojawapo. Nikachukua bisibisi nikaugusa ukingo ule. Niliugusa tu, wala sikuuchoma. Rangi ikapasuka, bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Puti, ile lipu ya kuzibia matundu ya bodi. Nyuma ya puti, gazeti lililokunjwakunjwa. Nyuma ya gazeti, unga wa kutu.

Krrrr.

Safari hii ulikuwa mrefu. Miguu ya mume wangu ikakakamaa. Nukta akaziba masikio. Mzee Klachi alikuwa keshafumba macho tena, anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Kimya," akasema. "Endelea, mwanangu. Kimya kabisa."

Nilimshika mume wangu vifundoni nikamvuta kwa nguvu ambazo mara ya mwisho nilizitumia kumzaa Nukta. Kichwa chake kilikuwa ndiyo kwanza kimetoka pale jeki ilipotoboa ukingo kama kijiko kwenye uji. Gari likashuka lote. Bomba la moshi likalala bapa mahali kilipokuwa kifua chake.

Sakafu ikatetemeka, na hapo ndipo mzee aliporuka.

"Mbona halikulia?" akafoka. "Gari halianguki bila kulia! Mmelisukuma!"

"Linalia tangu jana!" Sijawahi kumpandishia baba mkwe sauti, lakini nilimpandishia. "Limelia sasa hivi, ukasema kimya! Ulitaka Jumamosi tuzike?"

Mume wangu alikuwa sakafuni, nyusi zimejaa kutu. "Baba. Ulisema unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza," mzee akajibu, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyedanganya. Akageuka kuitazama jeki.

"Mlio mkubwa vile, baba, hukuusikia?"

Mzee alikuwa anaitazama jeki.

"Nakuuliza wewe!" Mishipa ya shingo ilimsimama. "Mke wangu, unaona? Nusura aniue, na sasa ananinunia!"

Nami nilikuwa tayari kumwaga yote niliyomeza tangu niolewe. Lakini Nukta alishaondoka mlangoni. Alitupita sote wawili, akakishika kidole cha babu yake, akakivuta chini mpaka mzee akainama na nyuso zao zikakutana. Kisha akatugeukia.

"Babu hasikii mpaka aone mdomo."