Mafunzo ya Saa Nne

Haron hakuwa mtu wa kupuuza usalama. Anayepuuza usalama hafungi safari hadi mjini kununua kitabu cha jalada gumu, akakiandika MAFUNZO YA USALAMA kwa kalamu nzito, na kukiweka mezani katika karakana yake ya vitanda hapo mtaa wa Satellite, Riruta. Alikinunua baada ya mama mmoja wa Spring Valley, mwenye nyumba ya wageni, kumwambia kwamba hanunui vitanda kwa watu wasiofundisha wafanyakazi wao. Maneno yalimwingia Haron siku hiyo hiyo. Mafunzo yenyewe, basi, yangesubiri.

Mercyline, aliyekuwa amepaka vanishi pale kwa miaka minne, aliteuliwa afisa wa usalama kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Cheo hakikuja na barakoa ya kumkinga na ile harufu iliyomkohoza hadi kanisani. Kilikuja na kalamu. Kila Ijumaa saa nne, chai ikifika, alifungua kitabu na kuandika somo la wiki: kushika msumeno, kuzima moto, kuinua mbao bila kuvunja mgongo. Sheria ya Haron ilikuwa nyepesi: hakuna kusaini, hakuna chai. Mafundi sita walipanga foleni, wakasaini, wakapokea kikombe na mandazi mawili, wakaelimika. Ukikiamini kitabu kile, Riruta nzima haikuwa na wafanyakazi wasomi kama hao.

Mercyline alijua ni uongo. Alijiambia haumuumizi mtu, na akaendelea kujiambia hivyo mwaka mzima.

Msumeno wa umeme ulikuwa na kifuniko chake cha chuma cha kukinga vidole, na kilitunzwa vizuri ajabu: kilitundikwa ukutani. Haron alikitoa kwa kuwa kilichelewesha kazi, na vitanda vya Spring Valley havikuwa vya kucheleweshwa. Jumatatu moja ubao uliruka, na Lazarus, fundi mtulivu kutoka Butere, akapoteza kidole gumba na kile cha shahada, mkono wa kulia. Mercyline aliufunga mkono huo kwa leso yake, maana sanduku la huduma ya kwanza lilikuwa na sukari ya chai.

Wiki tatu baadaye akaja mkaguzi wa serikali, Bi. Mwelu. Haron alikuwa ameshatangaza msimamo wake: ikionekana Lazarus alifundishwa akapuuza, fidia asahau.

"Madam, kila kitu iko hapa," Haron alisema, akisukuma kitabu. "Huyu jamaa amefunzwa mpaka basi. Sasa mimi ningefanya nini, nimshikie mkono?"

Bi. Mwelu alifunua kurasa polepole, kisha akamgeukia Lazarus, aliyeitwa kutoa maelezo. "Lazarus, hii saini ni yako?"

"Ni yangu, madam. Lakini hiyo ilikuwa ya chai."

Haron alicheka. Bi. Mwelu hakucheka. Aliandika maneno hayo kwenye karatasi na kumsogezea Lazarus. "Basi saini hapa kwamba umesema hivyo."

Lazarus aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji. Akajaribu kalamu kwa mkono wa kushoto, ikamponyoka.

"Si aweke tu kidole gumba," Haron alisema kwa ukarimu wake wote, akimletea wino wa mhuri.

Macho yote yaligeukia bandeji. Haron mwenyewe alichukua muda kuelewa alichosema.

Mercyline, aliyekuwa amesimama kando ya meza kama afisa wa usalama, aliona aibu. Alifikiria kodi ya nyumba na mtoto wake wa darasa la sita, na akaogopa kweli, lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Hakuna mafunzo tulifanya, madam. Hata moja. Ni mimi nilikuwa naandika. Hiyo kitu ya kufunika msumeno bosi alitoa, na mimi nikaandika iko mahali pake."

"Mercyline," Haron alisema taratibu, "unajua unaongea nini? Kesho usikuje."

"Sawa, bosi."

Bi. Mwelu alimwuliza tarehe, akazitaja. Akamwuliza nani aliagiza, akamtaja. Kila jibu lilitoka kirahisi, hata akajikasirikia. Na tuseme ukweli, alitarajia kushukuriwa. Alimsubiri Lazarus nje, kando ya mbao.

"Sasa hawawezi sema ulipuuza," alimwambia.

Lazarus alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Mercyline zaidi ya matusi.

"Asante, dada," alisema. "Lakini hiyo maneno umeongea hapo ndani, imekuchukua dakika ngapi?"

Mercyline alihesabu Ijumaa zote za mwaka ule, kisha dakika. Hazikuwa zimefika mbili.