Aliyetaja Boma la Kibii

Chifu alipoitisha baraza Jumatatu asubuhi pale uwanja wa shule, watu wa Ndabibi walifika kwa wingi, na si kwamba wanapenda baraza. Walikuja kujua serikali safari hii inataka kuchukua nini. Mvua ilikuwa imenyesha wiki sita bila kupumzika, ziwa limepanda mpaka watu wa Kihoto wamehamia kwa jamaa zao, mbu wanauma hata mchana, na juu ya hayo yote anasimama kijana wa idara ya mifugo, amevaa gambuti za kijani, anasema kuna virusi.

Kijana mwenyewe aliitwa Wasike, daktari wa ng'ombe, mtu wa Bungoma. Alisema ugonjwa huu ni homa ya Bonde la Ufa. Mbu anaupeleka kwa ng'ombe, ng'ombe anaupeleka kwa mtu. Huko chini karibu na ziwa, alisema, watu wawili walikuwa wameshakufa wakitokwa na damu puani. Kisha akasoma masharti kutoka kwenye karatasi: hakuna kuchinja, soko la mifugo limefungwa, maziwa yachemshwe, na ng'ombe akitupa mimba mtu yeyote asimguse kwa mikono mitupu, bali apige simu. Boma litakalopatikana na ugonjwa litawekwa karantini, na maziwa yake yatamwagwa.

Kila mmoja alikuwa akimwangalia jirani yake kwa pembeni.

Na walikuwa na haki yao, tusidanganyane. Mwaka uliotangulia walikuja hao hao wa idara na sindano zao, wakachanja ng'ombe boma kwa boma, na wiki iliyofuata ng'ombe wa mama mmoja, Wangare, akatupa mimba. Wangare alipokwenda kuuliza, akaambiwa kosa ni lake, hakusema ng'ombe ana mimba. Nani alimuuliza? Alirudi nyumbani bila ndama na bila hata pole. Kwa hiyo Wasike aliposema apigiwe simu, minong'ono ilianza hapo hapo. Wengine walisema kuna mkubwa mwenye ranchi anayetaka kubaki sokoni peke yake. Wengine walikuwa wametumiwa ujumbe kwenye simu kwamba wanaopelekwa wodi ya kutengwa hawarudi, wanazikwa na watu wasiojulikana wakiwa ndani ya mfuko wa plastiki.

Chemutai alikuwa amesimama nyuma kabisa, mikono ameificha ndani ya sweta. Kando yake alisimama mumewe, Kibii, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Kibii hakumwangalia mkewe, naye Chemutai hakumwangalia mumewe. Maana wao wawili walijua jambo lililokuwa nyuma ya choo chao.

Alhamisi iliyopita ng'ombe wao Chelel alianza kusukuma asubuhi, na mimba ilikuwa bado ya miezi saba. Sasa, Kibii ndiye aliyekuwa mkunga wa ng'ombe Ndabibi nzima. Ndama akikwama, usiku wala mchana, anaitwa yeye kabla ya daktari yeyote. Anavua shati, anapaka mkono mafuta ya kupikia mpaka begani, anaingiza, anafumba macho na kutafuta miguu ya ndama kwa vidole. Glavu alikuwa amepewa mara mbili na watu wa kampuni ya maziwa, akazitumia kubebea mbegu za viazi. Alisema glavu haina macho, vidole vyake vinaona.

Basi siku hiyo aliingiza mkono, akafumba macho, akatikisa kichwa. Ndama alikuwa amekufa. Akafunga kamba miguuni, wakavuta pamoja, yeye na Chemutai, damu na maji vikawamwagikia mpaka viwiko. Chemutai alikuwa ametoka kukata nyasi za napia, na napia, anayeijua anaijua, inachana mikono kama wembe. Maji yale yalipomwagika alisikia mikono inawasha, lakini nani ana nafasi ya kujifikiria ng'ombe akiwa anaugua? Wakazika ndama nyuma ya choo, wakaweka mawe juu mbwa asifukue, wakakubaliana kutosema. Ng'ombe wao wanne ndio waliokuwa wakimsomesha Kimberly, binti yao, huko Elburgon. Boma likifungwa, mtoto atarudishwa nyumbani kabla ya mtihani.

Jumamosi Kibii aliitwa mahali, akatoka bila kusema anakwenda wapi. Alirudi saa nane mchana suruali imeloa damu, akaiosha mwenyewe. Chemutai alimuuliza ng'ombe ni wa nani, akajibu kwamba kila boma lina mambo yake. Chemutai alimwangalia sana. Hakuzoea kufichwa.

Jumanne, siku moja baada ya baraza, Kibii aliamka na homa. Chemutai alimpa Panadol na chai. Kufikia Jumatano asubuhi macho yake yalikuwa mekundu, anasema mwanga unamchoma, na aliposafisha pua kitambaa kikatoka na damu. Chemutai aliita gari, wakashuka hospitali Naivasha.

Nesi aliyewapokea aliitwa Awuor, mama mnene mwenye sauti ya upole, barakoa usoni. Alimuuliza Chemutai, mumewe akiwa amelala pale pale kwenye kitanda cha magurudumu amefumba macho, kama wanafuga. Chemutai akasema ng'ombe wanne. Kuna aliyetupa mimba karibuni?

"Hapana," Chemutai akasema.

"Mzee ameshika damu ya mnyama, ama amesaidia ng'ombe kuzaa?"

"Hapana. Ni malaria tu. Kwetu mbu ni wengi."

Awuor aliandika. Kibii alifumbua macho yale mekundu, akamwangalia mkewe, akayafumba tena. Kisha akasukumwa hadi mlango wenye maandishi mekundu, na Chemutai akaambiwa mwisho wake ni hapo. Akapewa namba ya simu ya wodi. Aliondoka akiwa na hakika ya jambo moja, kwamba ameokoa boma.

Alhamisi asubuhi alikuwa bado hajamaliza kukama aliposikia pikipiki langoni. Ni Wasike, na askari wa chifu, na mtu mwingine wa afya aliyebeba kiboksi cha baridi. Wasike alikuwa ameshavaa ovaroli jeupe. Alisema, kwa heshima zote, kwamba wamepata habari ng'ombe ametupa mimba katika boma hili na wanaomba kuonyeshwa alipozikwa ndama. Tena wangependa kuchukua damu, ya ng'ombe na ya mama mwenyewe.

Chemutai alikana. Alikana mbele ya ndoo ya maziwa ya Chelel, hata povu lake halijatulia. Akamuuliza Wasike nani amemwambia. Wasike akasema hiyo hawezi kusema, ni siri ya kazi. Chemutai akasema basi damu yake pia ni siri yake, na hakuna atakayeitoa. Askari akabandika karatasi nyekundu langoni, wakamwaga maziwa yote kwenye mtaro, wakaondoka wakisema watarudi kesho.

Alipobaki peke yake, hasira zilimpanda. Siri ile ilijulikana na watu wawili tu. Lakini ng'ambo ya ua wa miiba alikaa Wangare, na kutoka jikoni kwake choo cha kina Kibii kinaonekana vizuri kabisa. Na huyo Wangare, tangu Jumamosi, alikuwa ameacha kuja kuazima chumvi. Walipokutana kisimani Jumapili alisalimia huku anaangalia chini, akachota ndoo moja na kuondoka. Mtu wa namna hiyo ana nini moyoni? Chemutai alijumlisha mambo hayo yote na jibu likamtosha.

Chemutai alikuwa mtu wa kanisa, kiongozi wa kwaya. Lakini kwao nyumbani, upande wa mama yake, ukoo wao unajulikana kwa mdomo wa laana. Bibi yake alisema neno moja akiwa na uchungu, na mpaka leo kuna boma ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini. Chemutai alikuwa ameapa tangu ubatizo kutotumia mdomo ule. Siku hiyo alisahau. Aliuendea ua, akasimama mahali ambapo alijua Wangare anamsikia, na akasema polepole, neno kwa neno:

"Aliyefungua mdomo kutaja boma langu, mdomo huo usionje maziwa tena."

Upande wa pili sufuria ilianguka. Chemutai alirudi ndani, na haki ya Mungu, alijisikia vizuri.

Siku hiyo alipiga namba ya wodi mara nyingi. Mara ya kwanza aliambiwa mgonjwa amepumzika. Baadaye aliambiwa ana damu kwenye ufizi, hawezi kula, hata uji anakataa, wamemwekea maji ya mshipa. Aliomba aje amwone, akakataliwa. Aliomba aongee naye, akaambiwa angoje. Kila walipomkatalia ndivyo alivyozidi kuukumbuka ule ujumbe wa mfuko wa plastiki. Alijilaumu kwa kumpeleka. Wazo lingine halikumjia, maana Wangare alikuwa amekijaza kichwa chake chote.

Ijumaa Wasike alirudi, safari hii na yule mtu wa kiboksi tu. Hakuvaa ovaroli. Alisimama nje ya lango, kofia mkononi, akaomba tena damu ya mama. Chemutai akamjibu kwamba hata akija na jeshi. Akamwambia aende akamtoe damu yule anayemletea habari, tena aende haraka, kwa sababu ameshalaaniwa, na kwao laana haichelewi.

Wasike akasogea karibu na lango, akashusha sauti.

"Mama Kimberly," akasema, "hii kitu sikufaa kukuambia, na wakijua naweza kufutwa. Ni mzee wako."

Chemutai hakuelewa. Alimwomba arudie.

"Ni Baba Kimberly alisema. Jumatano, ukishatoka tu. Alimwita nesi, akamwambia wewe umeogopa ndiyo maana umekataa, usilaumiwe. Akasema ndama iko nyuma ya choo chini ya mawe. Akasema tusianze na ng'ombe, tuanze na wewe. Eti mikono yako ilikuwa imechanwa na napia na ulivuta kamba na yeye."

Chemutai alishika nguzo ya lango. Alitaka kusema ni uongo, kwamba hawa watu wa serikali wana ujanja wa kila aina. Lakini napia! Hilo la napia hakuna aliyelijua, hata Wangare na jiko lake. Akakumbuka macho yale mekundu yalivyofunguka pale hospitalini, yakamwangalia, yakafumba. Alikuwa amedhani mumewe anakubaliana naye.

Kisha likamjia lile jingine. Usionje maziwa tena. Tangu jana Kibii hata uji hajaonja.

Alitoa simu mfukoni akapiga wodi. Awuor alipopokea, Chemutai alimsihi, kwa jina la mama yake mzazi, aiweke simu sikioni kwa mgonjwa. Awuor alisita, kisha zikasikika hatua, mlango, na pumzi nzito iliyojaa maji.

"Baba Kimberly," Chemutai akasema, "nilisema neno baya. Nilidhani ni mtu mwingine. Ni mimi niliyedanganya."

Pumzi iliendelea. Kulikuwa na sauti, lakini Chemutai hakushika maneno. Kisha Awuor akarudi kwenye simu.

"Amekusikia. Anauliza kama umeonyesha mikono."

Chemutai alilia pale langoni mbele ya wanaume wawili wa serikali, bila kujifunika. Alipoweza kusema, alimwambia nesi amjibu kwamba anaonyesha sasa hivi. Akakata simu. Lakini kwanza aliuendea ua wa miiba, kwa sababu neno lililosemwa mbele ya mtu linafutwa mbele ya mtu huyo huyo, hivyo ndivyo bibi yake alivyomfundisha. Alimwita Wangare kwa jina la heshima, Mama Natasha, na Wangare akatokeza jikoni, macho yamevimba kama mtu ambaye hajalala.

Chemutai alimwambia kwamba neno la jana amelirudisha mdomoni mwake mwenyewe. Aliyelitaja boma ni mume wake, na mdomo wake na uonje maziwa, na uonje asali, na uonje kila kitu. Na wewe nimekukosea, akasema, nilikuhesabu adui na hukusema lolote.

Wangare alisimama akiikunja na kuikunjua leso yake.

Chemutai alirudi langoni, akakunja mikono ya sweta mpaka juu ya viwiko. Mikwaruzo ilikuwa bado haijapona, mistari myekundu kutoka kiganjani kwenda juu. Akamnyooshea yule mtu wa kiboksi mikono yote miwili. Mtu yule alifunga mpira kwenye mkono, akatafuta mshipa, na damu ikaanza kupanda kwenye kichupa.

"Daktari."

Ilikuwa sauti ya Wangare, kutoka ng'ambo ya ua. Wasike aligeuka.

"Ukimaliza hapo, kuja kwangu. Ng'ombe yangu ilitupa mimba Jumamosi. Kibii ndiye alinivutia ndama."