Madumu ya Annick

Annick alikuja Lodwar kutoka Kalobeyei na madumu ishirini. Kila dumu alilibandika picha ya mwenye dumu hilo, aliyoichapa kwa wino kwenye karatasi. Akayapanga mstari nje ya ukumbi wa mashindano ya sanaa, karibu na bomba lililokauka tangu Jumatatu. Jaji akiipenda kazi yake, Annick anaenda kuionyesha Nairobi.

Mimi naye tuliingia ndani mara moja kunyoosha gauni lake. Kutoka, bomba linamwaga maji, na kina mama wameshaunga madumu yao nyuma ya yake.

"Jerusha, karatasi zitalowa!" akanishika mkono.

"Ejok, dada," mama mmoja muuza samaki akamsalimu kwa Kiturkana. "Teka au utoe. Foleni ni foleni."

Gari la jaji likasimama. Annick akitoa madumu, hana kazi ya kuonyesha. Akasukuma la kwanza chini ya bomba. Pichani, wino ukateremka kwenye shavu la mama yake.

Jaji alifuata mstari hadi mwisho. "Na hili lisilo na picha ni lako?" akamuuliza Annick.

Nilimkonyeza aseme ndiyo.

"La huyu mama," akasema, akimwonyesha muuza samaki.

"Basi njoo naye Nairobi," jaji akasema.

Muuza samaki akauliza kama huko kuna maji.