Plasta za Kasmiri

"Baba Brigita, nani alikwambia ubandike hapa?"

Sista Philomena alikuwa amepiga magoti mbele ya benchi la hospitali, bendeji chafu mkononi, akiutazama mguu wa kulia wa Kasmiri. Juu ya kidonda cha kidole gumba ilikuwepo plasta ya mraba, ya rangi ya ngozi ya Kizungu. Kasmiri aliibandika mwenyewe asubuhi ile kwa uangalifu wa fundi cherehani, kona zote nne zimelala sawasawa.

"Daktari alisema nibandike moja kila asubuhi, Sista."

"Alisema ubandike wapi?"

"Hakusema." Swali lenyewe lilimshangaza. "Plasta si inabandikwa kwenye kidonda?"

Na nani Ifakara nzima angesema vingine? Mtoto akijikata, plasta. Jembe likikupata, plasta. Tangu mwezi Mei Kasmiri alikuwa akiamka, anaosha kidonda kwa maji ya chumvi, anabandika, anauma meno mpaka machozi yanamtoka. Dawa kali ndiyo inayoponya, alijiambia. Zilikuwa plasta ishirini na nane. Zimebaki mbili, ziko mfukoni mwa shati.

Sista aliketi sakafuni kabisa. "Hii si ya kidonda. Ni dawa ya kuacha sigara. Inabandikwa huku juu mkononi, penye ngozi nzima. Ina ile sumu ya tumbaku, kidogo kidogo, ili mwili usiililie."

"Ina tumbaku?"

"Ndiyo, kwa namna hiyo."

"Si mlisema tumbaku ndiyo inayoua mguu?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nimeibandika mguuni karibu mwezi mzima."

 Sista alichukua pamba akaanza kusafisha.

Mguu wa kushoto ulishakatwa vidole vitatu mwaka juzi, na sasa ulikuwa wa kujikongoja tu. Wa kulia ndio uliokanyaga pedali ya cherehani. Yule daktari Mzungu aliyeleta plasta hizo kutoka kwao alimweleza bila kuficha: moshi unaziba mishipa, ukiacha, mguu utabaki, usipoacha, tutakata chini ya goti. Kasmiri hakuwa na shamba wala ng'ombe. Alikuwa na cherehani na mguu mmoja wa kuiendesha.

"Umevuta siku hizi?"

Angeweza kudanganya. "Nimevuta, Sista. Nilidhani plasta inatibu mguu, na kuacha nimeachiwa mwenyewe. Nimejaribu. Kuna siku nilivumilia mpaka saa nane mchana, nikatetemeka hadi nikajishona kidole."

Daktari alikuwa likizo kwao mpaka Septemba, na dirisha la dawa halikuwa na kitu kama kile. Sista alimbandika moja ya zile mbili kwenye mkono, chini ya bega, akaikandamiza kwa kiganja muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nitamwandikia barua. Lakini hiki kidole kimekufa, baba. Ukiona weusi unapanda, usingoje kuitwa."

Mchana alikuwa barazani kwake. Ulikuwa msimu wa mavuno, mpunga unauzwa, kila mtu anashonesha. Mteja mmoja, Egidius, alikuja kujaribu suruali yake, msokoto wa tumbaku mdomoni.

"Vuta kidogo, fundi. Sura imekuwa kama umetoka kuzika!"

Akacheka, akauweka msokoto ukingoni mwa meza, ukiwaka, akaingia nyuma ya pazia na suruali yake.

Moshi ukaja moja kwa moja kwa Kasmiri. Labda plasta ilikuwa inafanya kazi, labda bado. Yeye aliona tu mkono wake umeshafika katikati ya meza. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya kukatwa vidole.

"Mama Brigita!"

Mkewe, Bernadeta, alitoka uani na ungo wa mchele.

"Kaa hapa kwenye cherehani, nikufundishe. Haraka, mama. Mikono yangu ikikaa bure itauchukua ule msokoto."

Bernadeta aliutazama msokoto, kisha mguu. Akaweka ungo chini, akaketi. Miaka kumi na miwili ya ndoa hakuwahi kuigusa pedali ile. Alipokanyaga, gurudumu lilirudi nyuma, kama linavyowafanyia wanafunzi wote, na uzi ukakatika.

Kasmiri alilamba ncha ya uzi. Ukapita pembeni mwa tundu la sindano. Akajaribu tena, ukapita. Bernadeta akamshika kifundo cha mkono mpaka kikatulia, na uzi ukaingia.

"Sukuma gurudumu kwa mkono kwanza, lije kwako. Mguu ufuate."

"Baba Brigita, unanifundisha kwa sababu watakukata?"

"Kanyaga, mama."

Nyuma ya pazia Egidius aliuliza kama kiuno cha suruali hakimbani.  Gurudumu lilisogea, likasita, likaanza kuja mbele.