Visanduku vya Sitalike

"Sogea kidogo, kivuli chako kinaingia kwenye picha," Gideon alisema. Capitoline akasogea, na kiatu chake kikazama kwenye kinyesi kibichi cha tembo.

Shamba lote la Annonciata lilikuwa limelala. Mabua yalikuwa yametafunwa yakatemwa, mahindi machanga yamekanyagwa pamoja na tope na mkojo, na jua la asubuhi lilikuwa limeshaanza kuyachachusha. Harufu ilipanda puani ikakaa humo. Gideon, meneja wa mradi, alikuwa akiruka dimbwi hadi dimbwi na simu yake mkononi. Alipiga picha ya nyayo, akapiga ya ndoo iliyobonyea, kisha akamwomba Annonciata asimame katikati ya mabua na kuweka mkono shavuni.

"Mkono?" Annonciata aliuliza.

"Ndiyo mama. Kama mtu anayewaza."

Annonciata akaweka mkono shavuni. Mume wake, mzee Telesfori, alikuwa amepelekwa hospitali Mpanda alfajiri hiyo, mguu umevunjika chini ya goti. Alitoka nje kuangalia mbwa anabwekea nini, akawakuta tembo wameshaingia. King'ora kilichofungwa kwenye nguzo ya shamba lake hakikulia hata kidogo.

Capitoline aligeuka pembeni akatema mate.

Ofisi ya mradi ilikuwa mjini Mpanda, vyumba viwili nyuma ya soko. Huku Sitalike, kwenye mashamba yanayopakana na hifadhi, mradi ulikuwa umefunga visanduku vyenye laini ya simu na waya mwembamba uliozunguka mpaka. Tembo akikata waya, kisanduku kinapiga kwenye seva, kompyuta kuu iliyoko ofisini, na seva ndiyo inayowasha king'ora shambani na kuwatumia wanakijiji meseji. Programu ya seva iliandikwa na mtaalamu mmoja wa mkataba, akalipwa, akaondoka. Capitoline, mwenye stashahada ya kompyuta, aliajiriwa aiangalie tu isizime.

"Tutaandika mtandao ulikata," Gideon alisema wakiwa njiani kurudi mjini. "Kila mtu anaujua mtandao wa huku."

"Kwa mama Annonciata mtandao upo, bosi. Mnara unauona kwa macho."

"Capi. Tutaandika mtandao."

Capitoline alikuwa anakumbuka kwamba asubuhi, kabla hawajaondoka, jina la Nkwabi lilikuwa limeganda kwenye skrini ya seva. Shamba la Nkwabi liko bondeni, mahali ambapo mtandao unashika na kuachia.

Ofisini alichukua visanduku viwili vya akiba, akavipa majina ya Nkwabi na Annonciata, akaviweka mezani. Alikiwasha cha kwanza, na kilipoanza tu kuzungumza na seva akakichomoa antena katikati ya maneno. Halafu akakata waya wa kile cha pili. King'ora cha majaribio kilikaa kimya. Akatoka kununua vitumbua, akarudi, akavila vyote. Kimya.

Aliifungua programu akaisoma. Seva ilikuwa inahudumia kisanduku kimoja kimoja. Ikishakishika, inalala hapo mpaka kimalize kusema, na kama mtandao umekikata katikati, inalala tu, huku vingine vyote vimepanga foleni mlangoni. Mtu aliyeandika kitu hiki alikijaribu kwa kisanduku kimoja, mezani, kwenye mtandao wa mjini. Na yeye Capitoline alikuwa amekaa pembeni ya mashine hiyo tangu kiangazi, akiipangusa vumbi.

Lugha ya C, iliyotumika kuiandika programu hiyo, alikuwa ameisoma chuoni ili afaulu mtihani. Sasa aliirudia kama mtu anayezibua choo, pua imebanwa, mkono umezama mpaka kiwiko. Alijifunza kwamba soketi, yaani ule mlango ambao kila kisanduku hupitia, unaweza kuambiwa usimlaze anayeuliza. Programu inauliza mlangoni: una neno? Kama hakuna, mlango unajibu hapohapo, jaribu tena, na programu inakwenda mlango wa pili. Ilisikika rahisi. Lakini maneno yalikuja nusunusu, na ilibidi kila kisanduku kitengewe mahali pake pa kuhifadhi nusu yake mpaka nusu nyingine ifike. Siku nzima ilipotea kwa sababu alisahau kupasafisha mahali hapo, na salamu ya jana ikawa inatoka imeshikana na ya leo.

Halafu zikaja nyuzi, yaani kazi kadhaa zinazokwenda sambamba ndani ya programu moja. Aliigawa programu ikimbie kwa nyuzi kadhaa: mmoja usikilize milango, nyingine zipeleke meseji na kuwasha ving'ora, ili mtandao wa meseji ukichelewa usimcheleweshe msikilizaji. Akakata nyaya mbili kwa mpigo. Simu yake ikaita, akasoma: *Tembo shamba la Nkwanciata.*

Alilitazama jina lile kwa muda mrefu. Nyuzi mbili zilikuwa zimeandika mahali pamoja kwa wakati mmoja, na zilikuwa zimemzaa mtu asiyekuwepo. Ingekuwa shambani, watu wangekimbilia wapi? Aliona programu yake ni chafu kuliko ile ya kwanza, maana ile ilinyamaza tu, hii ilidanganya. Aliifunga laptop na kwenda kunawa mikono, ingawa hakuwa ameshika kitu.

Kesho yake alisoma habari za kufuli. Uzi unaotaka kuandika hufunga kwanza, huandika, halafu hufungua, na mwingine husubiri zamu yake. Aliongeza kisanduku cha tatu, akakata nyaya mbili, kisha tatu, kisha akakata huku amechomoa antena ya kimoja. Majina yalitoka kamili, kila moja na shamba lake. Alikwenda kwa Gideon.

"Kazi nzuri," Gideon alisema bila kuinua macho. "Lakini wafadhili wanakuja Alhamisi. Tutaonyesha ileile ya zamani. Ina ramani yenye rangi."

Alhamisi, kwenye ofisi ya kijiji Sitalike, wageni walikaa kwenye viti vya plastiki na wanakijiji kwenye mabenchi. Mama mmoja mtu mzima, kiongozi wa wageni, aliuliza habari za mzee aliyeumia. Gideon alishusha sauti kama mtu aliye msibani.

"Inasikitisha. King'ora kililia, lakini mzee alikuwa ametumia kidogo. Mnajua mambo ya pombe za huku."

Annonciata, aliyekuwa ameketi benchi la mbele ili atoe neno la shukrani, aliinamisha kichwa akatazama mapaja yake. Mzee Telesfori alikuwa mzee wa kanisa. Pombe alikuwa haigusi.

Mbele ya Capitoline palikuwa na visanduku viwili vya maonyesho. Akanyoosha mkono, akasubiri cha kwanza kianze kuongea, akakichomoa antena.

"Bosi, kata waya wa hicho kingine," alisema.

"Capi, bado hatujafika hapo."

"Kata tu."

Watu wote walikuwa wanatazama. Gideon akatabasamu, akakata. Ramani yenye rangi haikubadilika. King'ora hakikulia. Walisubiri, kuku akapita katikati ya viti, na tabasamu la Gideon likabaki usoni kama kitu kilichosahaulika pale.

"Ndivyo ilivyokuwa usiku ule," Capitoline aliwaambia wageni. "Haikulia. Mzee hakuwa amelewa."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule mama mgeni aliandika kitu, kisha wakaitwa kwenye pilau. Capitoline hakuweza kula. Alitoka nje, na Annonciata akamfuata, akamshika mkono.

Jumamosi Gideon alipiga simu. Alizungumza kwa upole, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wageni walitaka marekebisho haraka. Aje Jumatatu aweke ile yake, na kwenye taarifa wataiita toleo la pili la mradi, chini ya usimamizi wa meneja.

Mchana huo alikwenda hospitali. Telesfori alikuwa amelala chali, plasta mpaka kwenye paja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Mama ameniambia ulichosema." "Nataka kukuuliza. Hiyo mashine, usiku ule, ilikuwa inasubiri nini?"

"Ilikuwa inamsubiri mtu aliyeshaondoka bila kuaga."

Mzee aliitafakari habari hiyo, macho kwenye dari.

"Na hiyo yako?"

"Haisubiri. Wananiambia niiweke Jumatatu. Ila itakuwa kazi ya Gideon, imeandikwa jina lake." Aliufuta mdomo kwa kiganja. "Nikifikiria kuingia ofisi ile, nataka kutapika."

Kwenye kitanda cha jirani mtu alikohoa. Telesfori aliushika mguu wake kwa mikono miwili, akausogeza kidogokidogo kuelekea ukutani, mpaka ukingoni pakapatikana nafasi ya Capitoline kukaa.