Ndoo ya Vidonge vya Majira

Mke wa mwanangu anazalisha chaza. Msicheke, ni kazi ya kusomea. Ana matangi kumi na mawili, na maji yake yanavutwa na bomba kutoka bahari iliyo nyuma ya jengo. Humo chaza hutaga, mayai yakakutana na mbegu za madume, wakatoka vifaranga wadogo kuliko punje ya chumvi. Mimi napiga deki hapo kila mchana. Asubuhi napiga deki zahanati ya jirani. Ndiyo maana wananiita Bibi Deki, na marehemu mume wangu alikufa akidai sakafu isiyonijua ni ya nyumbani kwake tu.

Chaza huanza maisha akiwa dume, akikua hugeuka jike. Mkwe aliponieleza hayo nilimwambia, "Kumbe nao hupata akili ukubwani."

Alicheka siku ile. Mwaka huu hakucheka. Mayai yalitagwa mara mbili, mara zote mbili yakaoza tangini. Wakubwa wakampa mpaka mwisho wa mwezi: vifaranga waonekane, la sivyo kituo kinafungwa. Miaka sita ya jasho lake.

Siku moja nilimkuta ameinamia hadubini, magamba yamejaa mezani.

"Mama, nimepasua arobaini. Majike thelathini na tisa. Hata wachanga!"

"Na huyo mmoja?"

"Haeleweki."

"Uwekwe wewe kati ya wanawake thelathini na tisa, ungeeleweka?"

Akatabasamu kidogo, kisha machozi yakamtoka. Akanionyesha karatasi ya majibu ya maji.

"Kuna dawa humu, mama. Homoni za vidonge vya majira, vile vya kuzuia mimba. Zinawageuza madume kabla ya wakati wao. Sijui zinatoka wapi."

Nikaliegemeza dekio ukutani.

Kule zahanati kulikuwa na vidonge vya majira vilivyoisha muda, maboksi yamepanda hadi dirishani. Tanuri la kuchomea taka limekufa. Muuguzi mkuu aliniambia nivitupe jalalani, nikamkatalia: watoto huokota jalalani wakidhani ni peremende. Basi kila asubuhi, kwa miezi mitano, nilivitoa kimoja kimoja kwenye pakiti zake, nikaviloweka katika ndoo ya maji ya moto, nikakoroga, nikamwaga karoni. Na nilijisifu, jamani. Nilisema hakuna mtoto wa mtu atakayedhurika kwa mkono wangu.

Wa mtu, kweli, hakuna.

Bomba la karo lile nalijua linakoishia. Mara ngapi nimeona povu la sabuni yangu likielea baharini!

Kinywa changu hiki, kisichojua kupumzika, siku hiyo kilitaka likizo. Sikukipa. Nikamwambia, "Mwanangu, kaa." Nikamweleza yote.

"Miezi mitano?"

"Mitano."

"Na kila mchana unakuja hapa kunipa pole."

"Kila mchana."

Akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Aliporudi akaandika kwenye ripoti: Chanzo hakijulikani.

"Futa hiyo."

"Mama, watakufukuza. Huenda hata wakakushtaki."

"Yamebaki maboksi sita kule. Ukiandika hakijulikani, nani atayazuia? Nikifa mimi atakuja mwingine na ndoo yake."

Kalamu ikabaki hewani. Nikaichukua. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu. Nikakata mstari wake, nikaandika: Chanzo ni mimi, na karo la zahanati. Nikaweka na jina langu kamili.

Akalisoma. "Kumbe unaitwa hivi?"

"Usimwambie mtu."

Kituo kilifungwa hata hivyo. Zahanati wakanipumzisha, na maboksi sita yakaondoka na lori kwenda kuchomwa. Mkwe alipata kazi ya kufundisha, lakini bahari ikipwa huvaa viatu vyake vya mpira akaenda kukusanya chaza waliobaki miambani. Wiki nne alikuwa hanipigii simu. Sikumlaumu.

Juzi akapiga.

"Mama, nimepata wawili."

"Wawili nini?"

"Madume."

Nikakaa chini kwanza. Halafu nikamwambia awape pole, maana kazi iliyo mbele yao ni kubwa.